Tathmini ya Matibabu ya Mzizi wa Jino katika Kliniki Moja ya Upanga

Gego langu la kwanza la chini, upande wa kushoto, lingalipo kinywani, nalo ndilo ninalotafunia nyama na mahindi ya kuchoma hivi leo. La upande wa kulia liling'olewa nikiwa na umri wa miaka 24, kwa ugonjwa ambao sasa naamini ungetibika, na kwa zaidi ya miaka 30 nimeishi na pengo lake: jino la nyuma yake limelala kuelekea mbele, gego la juu limeshuka kwa kukosa la kukutana nalo, na chakula hunasa upande ule kila mlo. Kwa hiyo mwaka juzi, la kushoto lilipoanza kuniuma, sikuwa tayari kusikia habari ya kung'oa kabla ya kuelezwa njia nyingine yoyote iliyokuwapo.

Huduma ninayoipima hapa niliipata katika kliniki binafsi ya meno iliyoko Upanga, jijini Dar es Salaam, ambako jino hilo lilitibiwa mzizi, yaani lilisafishwa ndani hadi mizizini na kuzibwa, likavikwa kofia, yaani ganda gumu la kulifunika, kisha likaangaliwa tena baada ya mwaka mmoja. Kliniki sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake pamoja na sifa nyingi, na kwa kuwa ninalotaka msomaji alijue zaidi ni namna kazi hii inavyofanywa inapofanywa vizuri, ili aweze kuitambua popote atakapoketi kwenye kiti cha daktari.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa maumivu ya usiku. Ndani ya kila jino, chini ya ganda gumu la nje na tabaka la pili liitwalo dentini, mna chumba kidogo chenye kiini laini cha mishipa ya damu na ya fahamu, na kutoka chumba hicho mifereji myembamba hushuka ndani ya mizizi hadi nchani, ambako mishipa hiyo huingilia. Bakteria wa tundu wakikaribia kiini, kiini huvimba kama sehemu nyingine yoyote ya mwili, ila hakina pa kuvimbia kwa sababu kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Ndiyo maana uchungu wake ni mkali kiasi kile, na ndiyo maana huzidi mgonjwa anapojilaza. Nililala nimeketi kwa siku tisa, chupa ya maji baridi ikiwa kando yangu, maana chai ya moto ilikuwa ikinitoa machozi na funda la maji baridi likinituliza kwa dakika moja au mbili. Siku ya kumi maumivu yalikoma ghafla. Nilimshukuru Mungu na kudhani nimepona, kumbe kiini kilikuwa kimekufa, na kilichokufa hakiumi. Miezi miwili baadaye kikatokea kijipu kidogo kwenye ufizi, chini ya jino hilo, kikawa kinapasuka na kutoa usaha wenye ladha ya chumvi, kinafunga, kisha kinajaa tena.

Kabla ya kufika Upanga nilikuwa nimekwenda kwenye kituo kingine, karibu na nyumbani, mara tatu. Mara zote tatu niliandikiwa amoksilini na metronidazo, mara zote tatu kijipu kilinywea kwa wiki moja au mbili kisha kikarudi, na mara ya tatu nikaambiwa lililobaki ni kung'oa. Hakuna aliyenipiga picha ya jino hata mara moja. Jambo hili linanisikitisha hadi sasa, kwa kuwa sababu ya dawa kushindwa ni rahisi kueleza na nilikuja kuelezwa baadaye kwa sentensi mbili: vidonge husafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayoingia. Dawa iliwafikia bakteria waliokuwa wametoka nje ya ncha ya mzizi, lakini wale waliomo ndani ya mifereji walibaki salama kwenye ngome yao wakisubiri dozi iishe. Antibaotiki ina mahali pake, hasa uso unapovimba, homa inapopanda au mdomo unaposhindwa kufunguka, hali ambazo mtu hapaswi kuzilalia hata usiku mmoja. Kwa kijipu kama changu ilikuwa ni kufagia kibarazani na kuacha takataka ndani ya nyumba.

Nilipoingia kliniki, daktari, mwanamke kijana aliyesomea Muhimbili, aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaniacha nieleze habari yote kuanzia mwanzo bila kunikatiza, kisha ndipo akanawa mikono na kuvaa glovu. Aliyagonga meno yangu moja moja kwa mpini wa kile kioo kidogo. Akaweka pamba yenye dawa ya baridi kali juu ya meno ya jirani, nikaruka. Akaiweka juu ya gego lenyewe, sikuhisi kitu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia: alichukua uzi mwembamba wa rangi ya waridi, mgumu kiasi cha kupinda bila kukatika, akauingiza taratibu kwenye tundu la kile kijipu hadi ulipokwama, akapiga eksirei uzi ukiwa humo humo. Kwenye picha uzi ulionekana mweupe, umepita ndani ya ufizi na mfupa mithili ya njia ya mchwa, na ukaishia kwenye ncha ya mzizi wa nyuma wa gego langu, palipokuwa na kivuli cheusi cha ukubwa wa punje ya choroko. "Hapa ndipo usaha unapotoka, mwalimu," aliniambia. "Jipu liko kwenye mfupa. Mlango wake uko ndani ya jino."

Alinieleza kwamba jino linaweza kung'olewa au kutibiwa, akataja pia hali ambazo asingekubali kutibu hata ningemsihi: jino lililopasuka hadi ndani ya mfupa, jino lisilobaki na kuta za kutosha kushikilia kofia, au jino ambalo fizi na mfupa wake vimekwisha hata linatikisika. Langu halikuwa mojawapo. Hili nalihesabu kuwa sehemu ya ubora wa huduma, kwa sababu mtu anayesema kila jino linaokolewa hastahili kuaminiwa kuliko yule anayesema kila jino ling'olewe.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Ganzi ilikuwa ya lignokaini, sindano moja nyuma kabisa ya taya la chini, na baada ya dakika kumi nusu ya mdomo wangu ilikuwa nzito kama si yangu. Maumivu niliyoyapata kwenye kiti, kwa ziara zote, yaliishia kwenye sindano hiyo. Nayasema haya kwa uzito, maana watu wengi ninaowafahamu wameacha meno yaoze kwa kuogopa matibabu ambayo, kwa upande wangu, hayakufikia hata theluthi ya uchungu wa usiku mmoja kati ya zile tisa.

Kabla ya kugusa jino kwa mashine, daktari aliniuliza kama mpira hunidhuru ngozi, kisha akachukua kipande cha mpira mwembamba wa kijani, akakitoboa tundu moja, akakivuta juu ya gego na kukishikiza kwa kibanio cha chuma, halafu akakitandaza kwenye fremu mbele ya mdomo wangu. Gego likabaki peke yake juu ya pazia lile, na ulimi, mate na mashavu yakabaki upande wa pili. Pazia hili ni la zamani: lilibuniwa na Sanford Barnum, daktari wa meno wa Marekani, mwaka 1864. Nililiona kuwa usumbufu kwa dakika tano za kwanza, hadi nilipoelezwa kazi yake. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia panya: waliyatoboa meno ya panya wa kawaida hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi, wakafanya vivyo hivyo kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote mwilini. Viini vya panya wa kawaida vilioza na kufa. Vya wale wengine, ingawa chakula kilikuwa kikiingia tunduni, vilibaki hai na kujijengea dentini mpya ya kuziba jeraha. Kinachoua jino, basi, ni bakteria, na mate yamejaa bakteria. Kusafisha mfereji huku mate yakichuruzika ndani yake ni kuupaka uchafu upya, mbali na kwamba pazia humzuia mgonjwa asimeze dawa kali wala kifaa kidogo kinachoweza kuponyoka mkononi. Kama ningetakiwa kumshauri ndugu yangu aangalie jambo moja tu kabla ya kukubali matibabu haya mahali popote, ningemwambia aulize kama wanatumia pazia la mpira.

Jino lilipofunguliwa, harufu ya uozo iliyotoka ilinitia haya, ingawa nilikuwa nimelala tu. Daktari hakukunja uso. Alivaa miwani yenye lenzi za kukuzia, akaanza kutafuta midomo ya mifereji kwenye sakafu ya kile chumba. Gego la kwanza la chini kwa kawaida huwa na mizizi miwili, na mifereji yake mara nyingi ni mitatu, wakati mwingine minne. Mitatu aliipata upesi. Badala ya kuridhika, aliendelea kukwangua na kusuuza kwa muda ambao mimi, niliyekuwa nimeachama, niliuona mrefu sana, hadi ncha ya kifaa chake ilipozama mahali pa nne, kwenye ule mzizi wa nyuma uliokuwa na kivuli. Mfereji unaosahaulika hubaki na bakteria wake, na jino lililozibwa juu yake hurudi kuuma baada ya miezi au miaka, kisha mgonjwa hutangaza kwamba matibabu ya mzizi hayafai kitu. Zile dakika ishirini ndizo ninazoamini kuwa ziliokoa jino langu.

Mifereji ilipimwa urefu kwa kifaa cha umeme chenye kindoana kilichoning'inizwa kwenye pembe ya mdomo. Tupa ndogo, nyembamba kama sindano, ikishuka mferejini, kifaa hulia polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa mlio mmoja mrefu inapofika nchani. Niliwasikia wakisomeana namba, 20, 20, 21, 21 na nusu, zote milimita, na msaidizi akiziandika. Usahihi huu si madoido. Ukiishia juu unaacha uchafu, na ukipita chini unajeruhi mfupa. Baada ya hapo tupa za ukubwa tofauti zilipanua kila mfereji, na kila baada ya tupa mfereji ulisuuzwa kwa dawa iliyonukia kama jiki, na kwa kweli ni jamaa yake, kwa kuwa zote ni sodiamu hipokloriti; huyeyusha mabaki ya kiini na kuua bakteria katika vijipenyo ambavyo tupa haiwezi kufika. Ziara hiyo ilichukua saa moja na dakika arobaini. Mwishoni mifereji ilijazwa dawa nyeupe ya kalsiamu hidroksidi, na juu yake likawekwa jazo la muda.

Jazo lile lilinukia karafuu, na harufu hiyo ilinirudisha Wete, Pemba, nilikozaliwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusagia karafuu na kutuwekea kwenye jino bovu, na jino lilikuwa likitulia kweli. Daktari alinithibitishia kwamba ndani ya jazo mna yujenoli, mafuta yale yale ya karafuu, ambayo tabibu wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki. Mama hakukosea dawa. Ila karafuu yake ilikuwa ikituliza mlangoni, na ugonjwa ukiendelea na safari yake chini.

Katika wiki mbili za kusubiri, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa simu uliodai kwamba jino lililotibiwa mzizi ni maiti kinywani na kwamba husababisha saratani na magonjwa ya moyo. Nilimuuliza daktari, naye hakunipuuza. Mzizi wa madai haya ni wa zamani: mwaka 1910 daktari William Hunter wa London alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akiyalaumu meno yenye maambukizi, hasa yaliyofunikwa kwa ufundi mbaya, kwa magonjwa ya mwili mzima, na kwa miongo kadhaa watu wengi waling'olewa meno, hata mazima, kwa tumaini la kuponywa baridi yabisi na magonjwa mengine. Hawakupona, na utafiti uliofuata haukuyathibitisha madai hayo. Kinachodhuru mwili ni maambukizi yaliyoachwa bila kutibiwa, na ndiyo hasa yanayoondolewa na kazi hii. Nilimjibu mdogo wangu kwa upole, kwa sababu naye pia ana gego linalomsumbua.

Niliporudi, kijipu kilikuwa kimekauka na ufizi umekuwa laini mahali pake. Ziara ya pili ilikuwa fupi: pazia, kusuuza, kukausha mifereji kwa vijiti vya karatasi vilivyochongoka, kisha kuijaza gutapacha, utomvu wa mti wa kusini-mashariki mwa Asia ambao hulainika kwa joto na kuganda ukipoa. Hapo ndipo nilipoutambua ule uzi wa waridi wa siku ya kwanza. Picha ya mwisho ilionyesha mistari minne myeupe iliyojaa hadi karibu na ncha, na daktari aliniruhusu niitazame kwa muda nilioutaka.

Malalamiko yangu ni haya. La kwanza, na ndilo zito, ni kwamba makadirio niliyopewa siku ya kwanza, shilingi 350,000, yalihusu mzizi peke yake. Habari ya kofia, shilingi 400,000 nyingine, nilielezwa matibabu ya mzizi yalipokwisha. Kofia si pambo: gego lililotobolewa katikati limepoteza uimara, na likiachwa na jazo tu linaweza kupasuka siku yoyote kwa mfupa wa kuku au punje ya mchele wenye mchanga, na likipasuka kuelekea mzizini kazi yote imepotea. Kwa kuwa ni sehemu ya tiba, bei yake ilipaswa kutajwa tangu mwanzo. Ilinibidi nisubiri mshahara, na kwa wiki tano nilikuwa nikitafunia mbele kwa hofu. Najua mwalimu mwenzangu ambaye angekomea hapo kwa kukosa fedha.

La pili ni kwamba hakuna aliyenionya kuhusu siku zilizofuata kujazwa. Jino liliuma kwa siku tatu kila nilipong'ata, jambo ambalo baadaye niliambiwa ni la kawaida na hutulizwa kwa ibuprofeni, lakini nilikuwa nimepiga simu ya kliniki Jumamosi nzima bila kupokelewa, na usiku ule niliamini kwamba ugonjwa umerudi. Karatasi moja yenye mistari mitano ingetosha. Kuhusu kusubiri, siku ya kupimwa kofia nilikaa saa mbili kupita miadi yangu, nikaombwa radhi, nami nikasamehe.

Kofia yenyewe, ya chuma kilichofunikwa kauri, ilikuja baada ya siku nane, ikarekebishwa kwa karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogusana, ikagandishwa ziara ya nne. Jumla nililipa shilingi 750,000. Kung'oa kungenigharimu 40,000, na najua msomaji ameshapiga hesabu hiyo. Nami nilishaipiga nikiwa na miaka 24. Nilipouliza sasa kuhusu lile pengo la kulia, niliambiwa kwamba daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, lingelazimu kusagwa kwa meno ya pande zote mbili, likiwamo lile lililolala, na kwamba jino la kupandikiza kwenye mfupa lingezidi kwa mbali fedha zote nilizozitumia kuliokoa la kushoto. Pengo sikuwahi kulilipia kwa fedha, ila nimelilipia kila siku kwenye meza ya chakula.

Baada ya mwaka mmoja niliitwa kwa simu, bila mimi kukumbuka, nikapigwa picha nyingine. Daktari aliziweka picha mbili sambamba kwenye skrini: ya mwanzo yenye kile kivuli cha choroko, na mpya ambayo mahali pale pale palikuwa na mfupa wenye vijistari vyake vyeupe, na ukungu mwembamba tu uliobaki kwenye ncha ya mzizi. Alisema mfupa unaweza kuendelea kujijenga kwa miaka kadhaa na kwamba angependa kuuona tena.

Siku hiyo nilikwenda na mjukuu wangu mwenye umri wa miaka saba. Magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto anapofikia miaka sita, nyuma ya yale ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kuyapisha, hivyo wazazi wengi huyadhania kuwa ya utotoni na kuyaacha yaoze wakisubiri mengine ambayo hayatakuja. Daktari alimkalisha, akamwonyesha kioo na kumwacha akishike, akayahesabu meno yake kwa sauti, kisha akayapaka magego yote manne utomvu mweupe unaoziba vijishimo vya juu, kazi ya nusu saa isiyo na sindano wala mashine. Nililipa shilingi 80,000 kwa meno manne, na safari hii bei yote nilitajiwa kabla mtoto hajapanda kwenye kiti.